Mwarobaini na dhahabu vinaua seli za saratani maabara: mbona hospitalini hatuvioni?

#1 Mwalimu wa Kayole
Habari zenu wadau. Nafundisha kemia shule ya upili hapa Nairobi na kuna swali la mwanafunzi wangu nataka tulichambue vizuri. Amesoma kwenye simu kwamba watafiti huchemsha majani ya kawaida tu, mwarobaini, mlonge, mshubiri, hata majani ya chai, wakachanganya maji yake na chumvi ya dhahabu, zikapatikana chembe za nano za dhahabu, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazoua seli za saratani. Nimefuatilia, na makala za namna hiyo zipo kwa mamia. Sasa anauliza: mwarobaini umejaa kuanzia Pwani hadi Kitui, mbona kwao wanauza ng'ombe kulipia kemo, dawa kali za saratani, ya shangazi?

Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yaliipa Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000. Kijana anastahili jibu la maana. Wenye ujuzi, karibuni.

#2 Mtafiti_Juja
Asante kwa uzi, mwalimu. Hii ndiyo kazi yangu ya uzamili, kwa hivyo naeleza ninachokiona mezani.

Majani tunayaosha, tunayaanika kivulini, tunayasaga, tunayachemsha kwa maji safi kisha tunachuja. Pembeni kuna chumvi ya dhahabu iliyoyeyushwa, rangi yake manjano hafifu. Unatia maji ya majani tone kwa tone huku chombo kikikorogwa. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya dakika chache ile manjano inafifia, inaingia zambarau, halafu nyekundu iliyokolea. Mara ya kwanza kuiona hutaki kutoka pale mezani.

Kinachofanyika ni kwamba polifenoli, flavonoidi na sukari za jani zinaipa dhahabu elektroni. Dhahabu iliyokuwa ayoni inarudi kuwa metali, atomu zinajikusanya, na viungo vingine vya jani, protini zikiwemo, vinazivika ganda zisigandamane. Chembe ya nanomita 20 hivi inafyonza mwanga wa kijani, karibu nanomita 520, ndiyo maana jicho linaona nyekundu. Unywele wako mmoja ni kama nanomita 80,000.

Halafu tunazitia kwenye sahani zenye seli za saratani ya titi au ya mlango wa kizazi, tunasubiri siku moja au mbili, tunapima zilizobaki hai. Nyingi hufa. Hilo si uongo.

#3 Kijana wa Kasarani
Nyuma ya nyumba tuna mwarobaini mkubwa sana. Juja lete chumvi, mimi majani ninayo, tufungue kiwanda 😂

#4 Mtafiti_Juja
@Kijana wa Kasarani usijaribu kabisa. Chumvi hiyo hupatikana kwa kuyeyusha dhahabu kwenye mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na nitriki, tatu kwa moja. Mvuke wake unaunguza mapafu. Na chumvi yenyewe kabla haijageuka chembe ni sumu kwa seli yoyote, iwe nzima iwe ya saratani.

#5 Mzee wa Migori
Vijana mnazunguka. Jibu ni bei. Mimi nimekaa machimboni, najua gramu moja ya dhahabu inavyotafutwa. Nani atammiminia mgonjwa dhahabu mwilini na akose kufilisika?

#6 Hesabu Kali
Mzee, heshima yako, lakini tufanye hesabu. Mchanganyiko wanaotumia maabara huwa karibu milimoli moja kwa lita. Moli moja ya dhahabu ni gramu 197. Kwa hivyo lita nzima ina dhahabu gramu 0.2 tu. Pete ya ndoa ya gramu nne inatoa lita 20. Ukilinganisha na gharama ya kemo, dhahabu si kitu. Tutafute sababu nyingine.

#7 Mzee wa Migori
Hesabu iko sawa. Sasa niambie hili: hizi kazi wanaziita "za kijani" kwa sababu wanatumia majani badala ya kemikali. Hiyo dhahabu yenyewe kwetu inakamatwa kwa zebaki, akina mama wanaikamua kwa mikono mitupu na kuichoma hapo nyumbani watoto wakiwa kando. Sijaona mtu akiandika hilo kwenye hizo makala zenu. Ukijani unaanzia chupani tu?

#8 Dada wa South B
Mzee wa Migori umeongea neno zito 👏

Kuhusu historia, haya mambo yaliletwa na Wahindi wa Pune mwaka wa 2003 kwa majani ya jeranimu. Ndio walioanzisha yote.

#9 Wa Chiromo
@Dada wa South B Pune ni kweli, lakini hawakuwa wa kwanza. Mwaka wa 2002 kundi la Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, lilionyesha kwamba alfalfa hai ikipandwa kwenye dhahabu inajitengenezea chembe hizo ndani ya mwili wake. Na ukitaka mzizi wenyewe, Michael Faraday alitengeneza maji mekundu ya dhahabu London, akaandika mwaka wa 1857, kwa kutumia fosforasi. Chupa zake bado zimehifadhiwa Royal Institution na bado ni nyekundu. Mwaka wa 1951 Turkevich na wenzake wakatoa njia ya sitrati, chumvi ya asidi ile ile ya limau, ambayo maabara zinaitumia mpaka leo.

Kwa hivyo jani halina siri ya pekee. Linafanya kazi ambayo sitrati inafanya. Ndiyo sababu karibu kila jani lenye polifenoli linafaulu, na ndiyo sababu makala ni nyingi hivyo: ukibadilisha mmea tu, una makala mpya.

#10 Mama Otis
Naomba kuuliza kwa lugha rahisi. Kuna mtu mtumiaji wa kawaida kama mimi ashawahi kuzigusa hizo chembe?

#11 Wa Chiromo
Mama, huenda umezishika. Kipimo cha mimba cha duka la dawa, vingi vya malaria vya kidole, vingi vya Korona vya puani: ule mstari mwekundu kwa kawaida ni chembe za nano za dhahabu zilizoshikamanishwa na kingamwili. Upande wa vipimo dhahabu ilishashinda zamani. Vita ni upande wa tiba.

#12 Sista wa Zamu ya Usiku
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nahudumia wagonjwa wa saratani. Wengi wanatufikia hatua ya tatu au ya nne, na ukiuliza walikuwa wapi, kuna chupa. Kila mara kuna chupa. Siku hizi chupa imeanza kuandikwa "nano".

Juzi mama mmoja alinionyesha ya kwake kwenye mkoba: kichupa cha kahawia chenye kitoneshi, karatasi imebandikwa kwa gundi, "Dhahabu ya Nano na Mwarobaini". Nikamtonea kwenye pamba nyeupe. Maji matupu. Hakuna hata kivuli cha rangi. Kwa maelezo ya Juja hapo #2, kama mle kungekuwa na chembe za dhahabu za kutosha ningeona wekundu, sivyo?

#13 Mtafiti_Juja
Sawa kabisa Sista. Maji yenye chembe za kipimo tunachotumia sisi hayawezi kuwa meupe. Lakini pia wasije wakatia rangi ya keki mkaamini. Wekundu peke yake hauthibitishi. Sisi tunapima kwa mashine ya mwanga kisha hadubini ya elektroni, na bado hiyo inakuambia kilichomo tu, haikuambii kama kinatibu.

#14 Kijana wa Kasarani
Dhahabu feki tuliizoea ile ya wageni wanaoletwa Kilimani kuonyeshwa masanduku. Sasa imeingia hadi kwa wagonjwa? Hii inauma.

#15 Mjukuu wa Mganga
Tusiwe wepesi wa kudharau. Babu yangu alitumia muiri kwa wazee wenye shida ya mkojo, na leo gome hilo hilo, Prunus africana, linasafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya tezi dume. Likavunwa hadi biashara yake ikawekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka wa 1995. Mimi nasema wazi: katika hizo sahani kinachoua seli ni mmea. Dhahabu imebeba tu.

#16 Mtafiti_Juja
Hapo ndipo ugomvi wetu maabara ulipo, na naomba watu wautambue. Seli zikifa kwenye sahani, washukiwa ni wengi: chembe yenyewe, viungo vya mmea vilivyoivaa, mabaki ya chumvi ya dhahabu ambayo hayakugeuka, au hata uchafu wa bakteria uliotoka na majani. Ili ujue, lazima uwe na sahani ya majani peke yake, ya chumvi peke yake, ya chembe zilizosafishwa, na seli nzima zisizo na saratani kando. Makala nyingi zinaruka moja au mbili za hizo. Nyingine hazina seli nzima kabisa. Mtu anaandika "inaua saratani" na hajaonyesha kama haiui kila kitu.

#17 Mjukuu wa Mganga
Kwa hivyo hujakataa kwamba ni mmea.

#18 Mtafiti_Juja
Sijakataa, sijakubali. Nimesema sahani haijatuambia.

#19 Fundi Leza
Mnaisahau sifa ya dhahabu yenyewe. Nafanya kazi ya vifaa vya mwanga kwa hivyo hili nalifuata. Dhahabu ya nano ikipigwa mwanga unaofaa inapata joto kali. Ukiitengeneza kwa umbo maalum inafyonza infraredi inayopenya nyama, unaiwasha kwa leza, uvimbe unaungua kutoka ndani. Kundi la Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo cha Rice, Houston, ndio walioanzisha. Matokeo ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume yalitoka mwaka wa 2019. Hiyo ni binadamu, si sahani. Halafu dhahabu ni atomu nzito, namba 79, inafyonza eksirei kuliko nyama, kwa hivyo inaweza kuongeza nguvu ya mionzi pale pale kwenye uvimbe. Kazi ya dhahabu si kubeba tu.

#20 Dada wa South B
Sasa hiyo si ndiyo jibu la mwanafunzi? Imeshafika kwa binadamu, na ni ya mimea.

#21 Wa Chiromo
Hapana dada. Zile za Houston hazikutoka kwenye mmea. Ni tufe la silika lililopakwa dhahabu, karibu nanomita 150, kwa kemia ya kawaida. Na zile za CYT-6091 zilizojaribiwa kwenye taasisi za afya za serikali ya Marekani, matokeo yakatoka mwaka wa 2010, zilikuwa dhahabu iliyobebeshwa TNF, protini kali ya kinga. Nazo hazikutoka kwenye jani. Ukizitenganisha hizo mbili na makala za majani, utaona tunachanganya safari mbili tofauti.

#22 Bw. Mashaka
Sababu ni pesa, jamani. Mwarobaini hauna hataza. Kampuni gani itatumia mamilioni ya dola kujaribu kitu ambacho kesho kila mtu atachuma uani? Yangekuwa ya kuhodhiwa yangekuwa KNH, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, tangu zamani.

#23 Mwanafarmasia Ngara
@Bw. Mashaka pesa ina nafasi yake, lakini angalia historia ya mimea. Ule mmea wa maua ya waridi na meupe unaopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa Nairobi, wenye asili ya Madagaska, ndio ulitoa vinkristini inayotibu lukemia ya watoto. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani. Mimea haikuzuia kampuni.

Na mfano wa kwetu unaniumiza kila nikiukumbuka. Maitansini, sumu inayoua seli za saratani, iliripotiwa mwaka wa 1972 kutoka mmea wa Ethiopia. Marekani wakaja kukusanya tani nyingi za jamii yake, Maytenus buchananii, Shimba Hills kule Kwale. Kwa binadamu ilikuwa kali mno, majaribio yakaachwa. Miaka mingi baadaye wakaifanyia marekebisho, wakaifunga kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani ya titi zenye protini iitwayo HER2, ikaidhinishwa Marekani mwaka wa 2013. Kutoka 1972 hadi 2013! Sumu ilikuwa inaua seli tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo ilikwenda kutafuta namna ya kuifikisha mahali pake bila kumuua mwenye mwili.

#24 Mwalimu wa Kayole
Hili la Shimba Hills nitalifundisha Jumatatu. Na Wadigo wa Kwale walipata nini?

#25 Mwanafarmasia Ngara
Hilo mwalimu ni uzi wake peke yake, na ukiufungua niite.

#26 Wa Chiromo
Naunga mkono hoja ya kufikisha. Mwaka wa 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi za chembe za nano kwa wanyama. Katika kipimo kilichodungwa, kiasi cha kati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7. Kati ya chembe elfu moja, saba. Nyingi zilizobaki huishia kwenye ini na wengu, ambako seli za kinga zinazimeza, na dhahabu haiozi humo. Kwenye sahani hakuna ini. Mbegu uliyoimwaga kwenye kikombe cha udongo si sawa na uliyoirusha kutoka juu ya ndege ikitafuta shimo lake.

Halafu damu ina protini zake na chumvi yake. Chembe ikiingia tu, inavikwa protini za damu juu ya lile ganda la jani. Uliyemtuma siye anayefika.

#27 Mtafiti_Juja
Na chumvi! Chembe za sitrati ukizitilia chumvi ya mezani zinageuka buluu mbele ya macho, zimegandamana, kazi imekwisha. Za majani mara nyingi zinastahimili vizuri zaidi. Hii ndiyo sababu sijakata tamaa na mimea. Gamu arabika, utomvu wa mgunga, pia imesifiwa kwa hilo, na kundi la Missouri lilionyesha mwaka wa 2009 kwamba hata majani ya chai yanatosha kuzitengeneza na kuzilinda. Fikirieni Kericho.

#28 Kijana wa Kasarani
Hiyo chai ya Kericho tuinywe tu basi 😂 inaingia na kulinda.

#29 Sista wa Zamu ya Usiku
@Kijana wa Kasarani nitakujibu bila utani kwa sababu wagonjwa wanasoma hapa. Chai ya kawaida haina shida. Dondoo kali la chai ya kijani la vidonge ni jambo lingine: mwaka wa 2009 watafiti walionyesha kwamba kiungo chake kikuu kinaishika dawa ya mieloma (saratani ya uboho), bortezomibu, na kuizuia kufanya kazi. Mtu anajitibu mara mbili kumbe anafuta moja kwa nyingine. Chochote unachokunywa, mwambie daktari wako. Hatutakugombeza.

#30 Bw. Mashaka
Mtawagombeza. Mama yangu aligombezwa mbele ya foleni kwa sababu ya majani ya mlonge, hakurudi kliniki mpaka hali ikawa mbaya. Sisemi ni wapi. Lakini msiwalaumu wagonjwa kwa kuficha chupa.

#31 Sista wa Zamu ya Usiku
Pole sana kwa mama. Kugombezwa huko si uuguzi. Nakubaliana nawe kabisa kwamba ndiko kunakowafukuza.

#32 Muumini
Mnakumbuka Babu wa Loliondo 2013, yule mchungaji wa Tanzania aliyegawa kikombe cha dawa ya miti? Kikombe shilingi elfu moja, watu wakapona. Sayansi haikuhitajika.

#33 Hesabu Kali
Ilikuwa 2011, na kikombe shilingi 500 za Tanzania. Foleni ya magari ilikuwa kilomita na kilomita. Mjomba alitoka Nairobi na dawa zake za kisukari akaziacha huko. Tulimzika mwaka huo huo. Nakuheshimu, Muumini, lakini usiniambie walipona.

#34 Muumini
Pole ndugu yangu. Mungu amrehemu.

#35 Mwanafarmasia Ngara
Kitu kingine hakijaguswa: usawa wa dawa. Ili chochote kijaribiwe kwa Wakenya, lazima kamati ya maadili iridhike, na Bodi ya Famasia na Sumu ikubali. Swali lao la kwanza litakuwa: kundi hili la chupa ni sawa na kundi la mwezi uliopita? Sitrati ni sitrati. Jani la mwarobaini la Malindi si la Mwingi.

#36 Mtafiti_Juja
Umegonga ndipo. Majani niliyochuma wakati wa kiangazi yalinipa nyekundu safi, chembe ndogo za duara. Ya mti ule ule baada ya mvua ya masika yakatoa zambarau iliyofifia, ukubwa mchanganyiko, nyingine pembetatu. Na umbo likibadilika, kila kitu kinabadilika: zinavyofyonza mwanga, zinavyoingia kwenye seli, zinakokwenda mwilini. Msimamizi wangu anasema tatizo ni wingi wa polifenoli. Mimi nadhani ni asidi ya maji yenyewe, maana nilipoirekebisha rangi ilirudi kidogo.

#37 Mjukuu wa Mganga
Babu hakuwahi kuchuma wakati wa mvua. Alisema dawa imelala maji. Wala hachumi adhuhuri.

#38 Mtafiti_Juja
Hebu eleza zaidi. Alikuwa anachuma saa ngapi, majani machanga au yaliyokomaa?

#39 Mjukuu wa Mganga
Alfajiri, yaliyokomaa, upande wa mashariki wa mti. Sababu hakutuambia.

#40 Wa Chiromo
Upande wa mashariki sina la kusema, lakini polifenoli hubadilika kwa jua, ukame na umri wa jani, hilo linajulikana. Inafaa kupimwa. Ila bado msimamo wangu ni ule ule: hata ukipata jani moja lisilobadilika, ini litabaki pale pale likisubiri.

#41 Fundi Leza
Kwa uvimbe unaoweza kudungwa moja kwa moja, ini halikusumbui sana. Mlango wa kizazi, ngozi, mdomo. Dunga pale pale, washa leza. Mbona tunang'ang'ania mshipa wa damu?

#42 Sista wa Zamu ya Usiku
Mlango wa kizazi tunayo chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, na vidonda vya mwanzo tunavigandisha au kuviunguza kliniki leo hii, mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kabla ya leza, waleteni mama zenu wapimwe.

#43 Fundi Leza
Sista sipingi. Nazungumzia wale waliochelewa.

#44 Mwalimu wa Kayole
Nashukuru wote. Nitampa kijana uzi mzima ausome, asichague jibu moja. Ameshauliza swali lingine: kama ganda la jani ndilo linaloua, je, mkiling'oa na kubaki na dhahabu tupu, seli zinafa bado?

#45 Mtafiti_Juja
Mwambie hilo ni swali la uzamili. Nikiliosha ganda lote chembe zinagandamana, kwa hivyo lazima nizivike kitu kingine kwanza, na hapo tayari ni chembe nyingine. Tunajaribu kuvika sitrati na ganda la jani kwa ukubwa ule ule, tuzilinganishe. Bado.

@Mjukuu wa Mganga, kwenu ni Kitui? Nahitaji majani ya mti mmoja, ya alfajiri na ya adhuhuri, yaliyokomaa, nusu kilo kila fungu, yasiwekwe kwenye plastiki.

#46 Mjukuu wa Mganga
Mwingi. Ndugu yangu anakuja na basi la Ijumaa. Atayaweka kwenye gunia la katani, mafungu mawili yenye alama. Tukukabidhi Juja au mjini?

#47 Mtafiti_Juja
Mjini, stendi ya Machakos. Mwambie aandike na upande wa mti.